Fuko uchi si chupa ya dawa ya uzee

Tangu Oktoba 2025, jarida la Science lilipochapisha utafiti uliofanywa Shanghai kuhusu protini moja ya fuko uchi, habari hiyo imekuwa ikizunguka kwenye simu za watu wa Mombasa kwa sura ile ile: amepatikana mnyama asiyezeeka, asiyeugua saratani, asiyesikia maumivu, na kumbe ni wa hapa hapa Kenya. Barazani Kibokoni, kwenye kahawa ya jioni, nilimsikia mzee mmoja akimuuliza kijana wa chuo, "Sasa mwanangu, hiyo sindano yenyewe itatufikia lini?" Kijana akajibu kwa adabu, "Bado kidogo, mzee, wanaimalizia." Hakuna anayeimalizia. Lakini mimi sina ugomvi na kutia chumvi. Watu wa pwani bila chumvi tusingeweza kuzungumza. Kinachonikera ni kwamba mazungumzo haya yamemtoa fuko shimoni, yakamgawa jeni moja moja, ilhali karibu kila kinachomfanya awe wa ajabu ni jibu la shida za maisha ya chini ya ardhi: giza, udongo mgumu, hewa iliyokwisha kutumika na msongamano wa jamaa. Anayetaka kuelewa kwa nini mnyama huyu anaishi sana inambidi aanze na ngozi yake, meno yake na masikio yake, na aanzie kwenye udongo wa Tsavo kabla ya kwenda maabara.

Kwa asiyemjua, fuko uchi, ambaye wataalamu humwandika Heterocephalus glaber, ni mgugunaji wa urefu wa sentimita 8 hadi 10 na uzani wa gramu 30 na kitu. Ngozi yake ni ya waridi, imekunjamana, haina manyoya. Macho ni madogo na mara nyingi yamefumbwa. Meno manne ya mbele yametokeza nje kabisa ya midomo, na midomo hufungika nyuma ya meno hayo, hivyo mnyama huchimba kwa kuuma udongo bila kuumeza. Usimchanganye na yule fuko anayewaliza wakulima wa mihogo Kwale na Kilifi. Huyo ana manyoya na huishi peke yake. Fuko uchi hukaa sehemu kavu za Kenya, Ethiopia, Somalia na Djibouti, na ukoo wake uko karibu na nungunungu na ndezi kuliko panya wa dukani. Msafiri wa Mombasa humpita bila kujua: ukishuka Mtito Andei asubuhi baada ya mvua, ukaiacha barabara kuu na kuingia vichakani, unaweza kukuta vichuguu vidogo vya udongo uliolegea, kila kimoja na tundu kileleni, na ukisimama kimya utaona mchanga ukirushwa nje kwa vipindi. Anayerusha ni wa mwisho katika mstari. Mbele kabisa, ndani, yuko anayeuma udongo. Nyuma yake wenzake wanausukuma kwa miguu, mmoja akimpitishia mwingine. Na huyu wa mwisho amegeuza mgongo nje, akipiga mateke udongo utoke. Yeye ndiye nyoka humpata kwanza.

Wanaishi kwa makundi ya wastani wa 75 hivi, na yapo yaliyofikia karibu 300. Mwaka 1981 Jennifer Jarvis, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cape Town na aliyewakamata fuko wake Kenya, alionyesha kwamba katika kundi zima jike mmoja tu, malkia, ndiye anayezaa, na dume mmoja hadi watatu ndio wanaopanda naye. Wengine wote huchimba, hulinda na hulea. Mtindo huo ulikuwa unajulikana kwa nyuki, siafu na mchwa, si kwa mnyama anayenyonyesha. Miaka hiyo hiyo ya 1980, R. A. Brett alifuatilia mashimo ya Kamboyo, ndani ya Tsavo Magharibi, akakadiria kwamba njia za kundi moja zikiunganishwa zinafika kilomita 3. Zinachimbwa kwa meno, kwenye ardhi ambayo kiangazi jembe hudunda, kutafuta viazi vya porini ambavyo havina dalili yoyote gizani mpaka ugonge kimojawapo. Wakikipata kikubwa hula nyama ya ndani na kuliacha ganda, kikaendelea kukua. Mpaka hapo hatujagusa hata jeni moja, na tayari tunaona shida ambazo mwili huu umeundwa kuzikabili.

Chukua mguso. Tunasema hana manyoya, na hilo si kweli kabisa. Kila ubavu una nywele kama 40, ndefu, zimepangwa kwa nafasi kutoka shingoni hadi mkiani. Mwaka 2003 watafiti walizijaribu kwa njia rahisi sana: waligusa unywele mmoja, mbavuni au nyuma karibu na mkia, wakatazama. Fuko aligeuza pua hadi pale pale palipoguswa. Maana yake ngozi ile inayoonekana kama imesahauliwa na muumba ni ramani, na kila unywele unajua anwani yake. Nywele zikiwa nyingi na zimesongamana, ishara hizo zingepotea katika msuguano wa kuta za shimo. Meno nayo yana habari kubwa zaidi. Yale mawili ya chini husogea kila moja kivyake, yanafunguka na kufunga kama vijiti vya kulia wali, na mnyama huyatumia kubeba, kupapasa na kumshika mtoto. Kenneth Catania na Michael Remple walipoichora ramani ya ubongo wake mwaka 2002 walikuta karibu theluthi moja ya eneo linalopokea mguso imetengewa meno ya mbele peke yake. Pia eneo ambalo katika wagugunaji wengine lingeshughulikia kuona limechukuliwa na mguso. Ubongo ni mali ghali, hula nguvu nyingi mwilini. Kiwanja cha macho yasiyo na kazi hakikuachwa kiote majani.

Kwenye masikio hesabu inaonekana ya hasara. Vipimo vya Rickye na Henry Heffner vya mwaka 1993 vilionyesha fuko uchi husikia vibaya: kutoka hertz 65 hadi kama 12,800 tu, na hata hapo anaposikia vizuri zaidi sauti inabidi iwe kubwa kuliko inayomtosha panya wa kawaida. Kujua sauti ile imetoka upande gani pia ni kazi kwake. Mtu wa haraka ataandika: kiziwi nusu, kipofu, basi. Lakini sauti nyembamba hufa haraka shimoni, na njia ya shimo ina pande mbili, mbele na nyuma. Sikio la kunasa mlio wa popo na kuelekeza kichwa juu lingemsaidia nini? Na mnyama huyu anayesikia vibaya ni msemaji kupita kiasi. Ana aina zisizopungua 17 za milio. Mwaka 2021 Alison Barker, Gary Lewin na wenzao wa Berlin walichapisha uchambuzi wa zaidi ya milio 36,000 ya salamu kutoka kwa fuko 166 wa makundi saba ya kufugwa, wakakuta kila kundi lina lahaja yake. Fuko husogelea upesi sauti ya lahaja ya kwao. Kichanga kikihamishiwa kundi jingine hukua kikisema kama walezi wake. Malkia akifa, lahaja huanza kutawanyika hadi malkia mwingine atakaposhika usukani. Mzaliwa wa Mombasa anayemtambua Mlamu kwa sentensi moja hahitaji kufafanuliwa faida yake: gizani, ambapo sura haipo, salamu ndiyo kitambulisho, na mgeni anayekosea huvamiwa.

Sasa tufike kwenye lile la maumivu, kwa sababu hapa ndipo uvumi umepotoka zaidi. Fuko uchi husikia maumivu. Ukimfinya anaruka, ukimwekea joto kali anakwepa. Asiyoyasikia ni maumivu ya aina mbili tatu, ya asidi na ya ule ukali wa pilipili, na asidi ndiyo inayoeleza mengine. Wengi wanapolala wamelaliana katika chumba kimoja, hewa ya kaboni wanayoitoa hupanda. Ikigusa unyevu wa pua na macho hugeuka asidi. Mwili wa kawaida ungewaka siku nzima. Kundi la Lewin lilieleza mwaka 2011 namna fuko anavyokwepa hilo: vihisio vya asidi vipo na vinafanya kazi, lakini mlango wa neva unaoitwa Nav1.7, ambao lazima ufunguke ili ujumbe wa maumivu usafiri, umebadilika sehemu ndogo kiasi kwamba asidi yenyewe huufunga. Kinachochokoza ndicho kinachozima. Ujumbe wa kufinywa au wa kuungua unapita mlango ule ule bila tatizo, maana asidi haipo.

Linganisha na binadamu. Mwaka 2006 ilichapishwa habari ya familia za Pakistan ya kaskazini ambazo baadhi ya watoto wao walizaliwa Nav1.7 yao ikiwa haifanyi kazi kabisa. Mtoto mmoja alikuwa akipata riziki barabarani kwa kujichoma visu mikononi na kutembea juu ya makaa. Hakufikisha miaka 14; aliruka kutoka juu ya paa la nyumba, akafa. Wenzake walikuwa na midomo na ndimi zilizotafunwa na mifupa iliyovunjika bila wao kujua. Hoja ya kwamba tukipata "jeni ya kutoumia" tutakuwa tumepata baraka ni dhaifu kuliko zote ninazozisikia, na jibu lake lilikuwa limeandikwa kabla fuko hajawa maarufu. Fuko hakupewa kutoumia. Amepunguziwa kelele moja ya nyumbani kwake na kuachiwa kengele nyingine zote. Tofauti ya hayo mawili huwezi kuiona ukisoma jeni bila kujua chumba cha kulala kilivyo.

Wanaoamini dawa iko njiani wana hoja nzito, nami sitazipita. Fuko uchi hufikisha miaka 30 na zaidi katika kufugwa, wakati panya wa maabara wa ukubwa unaokaribiana naye akifika minne ni mzee wa mtaa. Mwaka 2018 Rochelle Buffenstein na wenzake walipitia kumbukumbu za fuko zaidi ya 3,000, wakaona jambo ambalo lilikwenda kinyume na kanuni inayotumiwa kukokotoa vifo vya wanyama wanaonyonyesha: uwezekano wa kufa kwa siku, baada ya kubalehe, ulibaki karibu 1 kwa 10,000, bila kupanda pamoja na umri. Utafiti wa Shanghai nao unaeleza kitu kinachoshikika. Protini iitwayo cGAS, ambayo kwa binadamu na panya huzuia ukarabati wa DNA iliyokatika, kwa fuko imebadilika mahali panne tu pa mnyororo wake na kuwa msaidizi wa ukarabati huo. Nzi wa matunda waliopewa umbo la fuko waliishi zaidi, na panya wazee wakaonekana na nguvu zaidi. Huu si uzushi.

Lakini tazama kiasi. Mwaka 2023 Vera Gorbunova na Andrei Seluanov wa Chuo Kikuu cha Rochester waliwapandikizia panya jeni ya fuko inayotengeneza kwa wingi hayaluronani, ule ute mzito ulio kati ya seli zake. Panya hao waliugua saratani kidogo zaidi, na umri wao wa kati ukapanda kwa asilimia 4.4. Ni mafanikio halisi kisayansi, tena wa kwanza wa aina yake. Hata hivyo pengo kati ya panya na fuko si asilimia nne, ni mara nane hadi kumi. Jeni moja, iliyochaguliwa kwa uangalifu na watu waliomsoma mnyama huyu miaka mingi, imeziba ufa mwembamba wa ukuta mzima. Ongeza cGAS, ongeza nyingine tano, bado utabaki na swali la jinsi zinavyofanya kazi kwa pamoja katika mwili wenye joto la nyuzi 32 hivi, unaokula kidogo, unaotumia oksijeni kidogo na unaoishi mahali ambapo mwewe hafiki. Mnyama aliye salama dhidi ya kuliwa ana sababu ya kujenga mwili wa kudumu. Aliye wazi, kama panya, huharakisha kuzaa kabla hajanaswa. Popo, naye mdogo, huishi miaka mingi kwa sababu inayofanana.

Na lile la saratani limekwisha kutiwa doa. Mwaka 2016 madaktari wa wanyama waliripoti uvimbe wa saratani katika fuko wa kufugwa kwenye bustani za wanyama, mmoja kwenye eneo la kwapa na mwingine tumboni. Mwaka 2020 watafiti wa Cambridge walionyesha kwamba seli za fuko zikipewa jeni zinazochochea saratani zinageuka za saratani vizuri tu, jambo lililopinga maelezo ya awali kwamba seli zenyewe zina kinga ya ndani. Bado ugonjwa huo ni nadra sana kwa fuko. Ila "nadra sana" na "kamwe" ni vitu viwili, na anayekuuzia cha pili anakuuzia maji ya bahari.

Kuna pingamizi moja dhidi ya hoja yangu ambalo nalichukulia kwa uzito kuliko zote. Mtu anaweza kusema: vizuri, unasema shimo ndilo limemuumba, una hakika gani shimo lenyewe liko hivyo? Ni swali la haki. Thomas Park na wenzake walishangaza watu mwaka 2017 walipoonyesha fuko akikaa saa tano katika hewa yenye oksijeni ya asilimia 5, na dakika 18 bila oksijeni yoyote, kisha akaamka na kuendelea na shughuli zake; katika hali hiyo ubongo na moyo wake huacha kutegemea glukosi na kuchoma fruktosi, njia isiyokwamishwa na ukosefu wa oksijeni. Panya katika hewa ya asilimia 5 hufa ndani ya dakika chache. Wengi tulihitimisha kwamba basi mashimo yao yana hewa hiyo. Lakini waliokwenda kupima kwenye mashimo yenyewe hapa Afrika Mashariki hawakukuta hewa mbovu kiasi kinachotumika maabara. Labda hali mbaya ni ya muda, njia inapoziba baada ya mvua au kundi zima linapojikunyata kwenye chumba kimoja ambako mrija wa kupimia haufiki. Labda uwezo huo ni wa akiba. Mwaka 2021 Stan Braude, ambaye ametia alama na kufuatilia fuko wa Mbuga ya Taifa ya Meru kwa miaka mingi, aliandika na wenzake makala ndefu kuhusu mambo yanayorudiwa juu ya fuko uchi bila ushahidi wa kutosha, na maisha ya shimoni yalikuwa sehemu kubwa ya orodha hiyo.

Pingamizi hili halinirudishi nyuma, linanipeleka mbele. Iliwahi kuaminika kwamba fuko hawa huoana ndugu kwa ndugu vizazi na vizazi, kwa sababu ndivyo ilivyoonekana kwenye makundi ya kufugwa, yaliyoanza na wanyama wachache na hayana mahali pa kwenda. Braude alionyesha mwaka 2000, kwa wanyama wa Meru, kwamba makundi mapya huanzishwa na fuko walioondoka kwao, wakatembea juu ya ardhi na kukutana na wa ukoo mwingine. Nani angeliona hilo kwenye mabomba ya plastiki? Fuko wa maabara hupewa viazi vitamu vilivyokatwakatwa, hewa safi, joto lisilobadilika, bila nyoka. Mwili wake ni ule ule, lakini kazi ulizoundiwa hazipo. Unaweza kuhesabu meno yake, huwezi kujua yanagharimu nini kiangazi cha Agosti kwenye udongo wa Kamboyo.

Wapo watakaoniambia nimekwepa jambo kubwa zaidi: tumeibiwa. Sauti hii ina nguvu Mombasa, mji unaojua historia ya bidhaa zinazotoka bandarini zikiwa mali ghafi. Ina ukweli ndani yake. Makundi mengi ya fuko uchi yaliyoko maabara za Marekani, Ulaya na Afrika Kusini yana asili ya Kenya, na Wakenya hawamo kwenye majina mengi ya waandishi wa tafiti kubwa. Tulishaona mzozo wa vimeng'enya vya vijidudu vya Ziwa Bogoria, vilivyoishia kwenye viwanda vya nje vya kufua na kuchakaza jinzi, na huenda baadhi ya jinzi hizo zilirudi kwetu kama mitumba Kongowea. Hata hivyo, kama madai ya kisheria kuhusu fuko, sioni yakifika mbali. Wanyama walioanzisha makundi hayo waliondoka kabla ya Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992, achilia mbali Itifaki ya Nagoya, ya mgawo wa faida za rasilimali za kijenetiki, iliyoanza kutumika 2014. Na fuko huzaa: watoto hadi zaidi ya 20 kwa uzazi mmoja wa malkia. Huwezi kudai kurudishiwa kitu ambacho mwenzio amekizidisha kwa vizazi. Jeni yake nayo ilisomwa yote na kuchapishwa mwaka 2011, iko wazi kwa yeyote mwenye kompyuta.

Kitu ambacho hakikuondoka ni uwanja. Tsavo, Meru na sehemu kavu za kaskazini haziwezi kupandishwa ndege. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 kuhusu rasilimali za kijenetiki zinamtaka anayekuja kuchukua sampuli mpya apate kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, na kukubaliana kuhusu mgawo wa faida. Hapo ndipo mazungumzo ya haki yanapaswa kukaa, kwenye kazi mpya, na kwa masharti ya kuwafundisha vijana wetu kazi yenyewe na si kubeba majembe tu. Mnyama huyu hayuko hatarini kwa sasa. Orodha ya kimataifa ya hifadhi inamweka kwenye kundi la wasio na tishio kubwa. Ingawa sifa ya uponyaji ni sifa mbaya kwa mnyama yeyote. Kakakuona hakuwa na kosa lolote ila magamba ambayo watu waliamua ni dawa, na mwaka 2016 ilibidi spishi zake zote nane zipigwe marufuku kwenye biashara ya kimataifa. Kila tunaposambaza ujumbe wa "mnyama asiyezeeka" tunaandika tangazo ambalo siku moja mtu atalifungia kwenye pakiti ya unga.

Pwani ina vyuo vikuu vya umma, Kilifi, Mombasa mjini na Voi, na treni ya kaunti kwa kaunti husimama Mtito Andei. Maswali yaliyobaki hayahitaji mashine za mabilioni. Lahaja zile za Berlin zilisikilizwa kwa wanyama wa kufugwa. Je, makundi mawili ya porini yanayotenganishwa na lugga moja, korongo kavu la msimu, yanasalimiana tofauti, na fuko anayehama kwao husamehewa lafudhi baada ya muda gani? Hewa ya chumba cha kulala iko vipi usiku wa mvua kubwa ya Novemba? Fuko wa porini, mwenye nyoka mlangoni, anaishi miaka mingapi hasa, na kati ya malkia na mchimbaji ni nani anayefika mbali? Vinasa sauti vidogo, vipimo vya hewa, alama za kuwatambulisha na vijana wawili watatu wenye subira ya miaka, siyo miezi: bajeti hiyo ni ndogo kuliko ya kongamano moja la hoteli ya Nyali, na majibu yake ndiyo wale wa Shanghai na Rochester watakayoyahitaji jeni zao zitakapokataa kufanya kazi peke yake.